Paa Lisilojengwa: Historia Fupi ya Mwamba wa Juu katika Migodi ya Makaa ya Mawe, na Istilahi Zake

Utangulizi

Mtafsiri wa vitabu vya uchimbaji wa madini hukutana mapema sana na neno linalotaja jiwe lililo juu ya kichwa cha mchimbaji. Waingereza huliita jiwe hilo kwa neno lile lile wanaloliitia paa la nyumba, na Wafaransa hali kadhalika. Wajerumani wameshika njia nyingine: wao husema Hangendes, yaani kile kinachoning'inia, na jiwe lililo chini ya miguu huliita Liegendes, yaani kile kilicholala. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "paa" na kuendelea na ukurasa unaofuata, na pengine hapana atakayemlaumu, maana neno hilo kila mtu analijua.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jambo hilo si dogo. Historia ya migodi ya makaa ya mawe inaonyesha kwamba jiwe hilo limeua watu wengi, na kwamba mara nyingi lilitoa dalili kabla ya kuua. Ikiwa dalili hizo hazina majina, au zina majina yasiyoeleweka na wale wanaofanya kazi chini, basi kasoro ya istilahi huweza kuwa sehemu ya ajali. Kwa hiyo tutapitia kwanza habari za mwamba wenyewe, kisha tutatoa mapendekezo yetu juu ya maneno.

Paa, dari na mwamba

Tuanze nyumbani. Paa, kwa maana yake ya kawaida, ni kitu kilichojengwa. Mtu husimamisha nguzo, hulaza miti, hufunga fito, kisha huezeka. Paa huja mwisho, na aliyelijenga anajua uzito wake na anajua limeshikwa na nini. Katika mgodi mambo ni kinyume kabisa. Mwamba ulikuwapo kabla ya mchimbaji kuzaliwa, umelala juu ya tabaka la makaa kwa mamilioni ya miaka, na umeshikwa kila mahali. Mchimbaji hajengi kitu. Huondoa kilichokuwa chini. Basi kile anachokiita paa ni jiwe ambalo limenyang'anywa tegemeo lake. Wajerumani waliosema "kinachoning'inia" walilitaja jambo hili kwa neno moja.

Neno "dari" lina faida zaidi kuliko "paa". Katika nyumba za mawe za pwani yetu, dari hulala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi kubwa bila ya kupinda, vyumba vingi vya nyumba hizo vilikuwa vyembamba, upana wake kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Waashi wa Lamu na Unguja walijua kanuni ambayo mhandisi wa migodi huifundisha mpaka leo: upana wa chumba huamuliwa na nguvu ya kile kilicho juu yake. Ukipanua chumba, huna budi kuongeza nguzo au kungoja dari likushukie. Lakini dari nalo hujengwa, na kwa hiyo lina kasoro ile ile ya paa.

Limebaki neno "mwamba". Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili ambazo msomaji wa leo huenda asizikumbuke zote. Mwamba ni jiwe kubwa la ardhini au baharini. Na mwamba pia ni ule mti unaolazwa juu ya nguzo za nyumba ili kubeba miti ya paa. Sasa wahandisi wa migodi, wanapokokotoa kama jiwe la juu litasimama, mara nyingi hulichukua lile tabaka la karibu kama boriti iliyolazwa kutoka upande mmja wa njia hadi upande wa pili. Yaani, kwao mwamba wa kwanza ni sawa na mwamba wa pili. Ni nadra lugha kumpa mtaalamu zawadi ya namna hii bila ya kuombwa, na si busara kuikataa.

Timba linalosema

Katika karne ya kumi na tisa, migodi ya Uingereza ilipokuwa ikichimba makaa kwa wingi usiopata kuonekana, magazeti yalijaa habari za milipuko ya gesi. Mlipuko mmoja uliweza kuua mamia ya watu kwa siku moja, na Bunge likashtuka. Lakini wakaguzi wa migodi, walipohesabu vifo mwaka hata mwaka, waliona kwamba mawe yaliyoanguka kutoka juu na kutoka kando yaliua watu wengi kuliko milipuko. Tofauti ni kwamba mawe yaliwaua mmoja mmoja: leo mtu huyu, kesho yule. Kifo cha mmoja hakikuandikwa kwa herufi kubwa.

Kinga yao ilikuwa ni miti. Mchimbaji alikata gogo kwa urefu wa mahali alipo, akalisimamisha kati ya chini na juu, akalikaza kwa kabari. Kazi hiyo mara nyingi haikuwa na malipo yake peke yake, kwa sababu mchimbaji alilipwa kwa tani za makaa alizozitoa. Kila dakika aliyoitumia kusimamisha mti ilikuwa ni dakika isiyo na mshahara. Ni rahisi kumwita mzembe mtu aliyekufa kwa kuchelewa kuweka mti. Lakini utaratibu wa malipo ndio uliomwambia angoje kidogo.

Wachimbaji walipenda miti hata baada ya vyuma kupatikana, nao walikuwa na sababu. Mti huzungumza. Unapolemewa hulia, hupasuka nyuzi zake taratibu, na mtu mwenye masikio hupata nafasi ya kukimbia. Chuma hubeba zaidi, lakini huweza kupinda au kuteleza bila ya kutoa onyo la namna hiyo. Aidha, wachimbaji waliugonga mwamba kwa mtaimbo kabla ya kuanza kazi. Mwamba ulio mzima hutoa sauti kali ya jiwe. Mwamba uliobambuka kutoka tabaka la juu yake huvuma kama ngoma, kwa sababu nyuma yake mna uwazi. Kulikuwa pia na visiki vya miti ya kale vilivyogeuka mawe ndani ya mwamba, vyenye ngozi laini ya makaa kuvizunguka, ambavyo viliweza kuchomoka na kuanguka bila ya onyo lolote. Wamarekani waliviita kwa jina la kitako cha birika, kwa kuwa ukivitazama kutoka chini huonekana kama duara la birika. Jina hilo halikutungwa na mtaalamu. Lilitungwa na watu waliotaka wenzao watazame juu.

Baadaye zilikuja bolti. Migodi ya risasi ya Missouri, Marekani, ilizitumia tangu miaka ya 1920, na kuanzia 1947 Idara ya Migodi ya Marekani ilihimiza zitumike katika makaa ya mawe. Tundu hutobolewa katika mwamba, bolti ndefu ya chuma hupenyezwa na kukazwa, na matabaka membamba yaliyokuwa yakitelezana hushonwa yakawa tabaka moja nene. Hapa fikra ilibadilika. Timba huushikilia mwamba kutoka nje. Bolti huufanya mwamba ujishikilie wenyewe. Hata hivyo vifo havikupungua kwa kasi iliyotarajiwa katika miaka ya mwanzo. Njia zilizokuwa zimejaa miti sasa zilikuwa wazi, mashine kubwa zikapita, na mafundi walikuwa bado wanajifunza ni bolti ngapi zatosha, na za urefu gani.

Coalbrook, 1960

Hadi hapa tumesema juu ya jiwe moja linaloanguka juu ya mtu mmoja. Lakini kuna kuanguka kwa namna nyingine, ambako mgodi wote hushuka. Ili kukufahamu, yatupasa tuutazame mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini.

Mgodi huo ulikuwa katika jimbo la Orange Free State, kusini ya mto Vaal, na ulichimbwa kwa mtindo wa vyumba na nguzo. Katika mtindo huu wachimbaji hukata njia zinazokingamana, na kati ya njia hizo huacha vipande vya makaa visivyochimbwa ili vibebe mwamba wa juu. Vipande hivyo ndivyo nguzo. Kila tani ya makaa iliyomo ndani ya nguzo ni tani ambayo haikuuzwa, na kwa hiyo mwenye mgodi siku zote hushawishika kuzipunguza. Huko Coalbrook, katika sehemu kadhaa, makaa ya juu ya njia yalikatwa pia baadaye, na nguzo zikawa ndefu zaidi kwenda juu bila ya kuongezewa upana.

Tarehe 28 Desemba 1959 sehemu moja ya mgodi iliporomoka. Kazi iliendelea mahali pengine. Tarehe 21 Januari 1960, alasiri, nguzo zilianza kupasuka tena kwa vishindo. Taarifa za wakati ule zinasema kwamba baadhi ya wafanyakazi walikimbilia mlango wa mgodi na wakaamriwa warudi kazini. Jioni, kiasi cha saa moja na nusu, nguzo zipatazo 900 ziliporomoka, moja baada ya nyingine, katika eneo la karibu kilomita 3 za mraba. Watu 435 walifukiwa. Wengi wao walikuwa Basotho na watu waliotoka Msumbiji. Mashimo yalitobolewa kutoka juu kwa matumaini ya kuwafikia, lakini hapana aliyeokolewa, na miili yao imebaki huko chini hadi leo.

Uimara si uthabiti

Swali lililobaki baada ya msiba huo lilikuwa la kitaalamu, lakini pia lilikuwa la maneno. Nguzo zile zilikuwa zimesimama kwa miaka. Je, hazikuwa imara? Na kama zilikuwa imara, zilianguka kwa nini?

Watafiti wawili, M. D. G. Salamon na A. H. Munro, waliikusanya historia ya migodi ya nchi hiyo na mwaka 1967 wakatoa jibu. Walichunguza mifano 125: 98 ya nguzo zilizosimama na 27 ya nguzo zilizoporomoka. Kutokana na mifano hiyo walipata kanuni inayoeleza kwamba nguvu ya nguzo huongezeka kwa upana wake na hupungua kwa kimo chake, na kwamba kimo hupunguza kwa kasi kuliko upana unavyoongeza. Kwa hesabu yao, nguzo ikiongezwa upana mara mbili, nguvu yake kwa kila mita ya mraba huongezeka kwa kiasi cha asilimia 38 tu. Lakini ikiongezwa kimo mara mbili, hubaki na kiasi cha asilimia 63 ya nguvu ya kwanza. Waliokata makaa ya juu walikuwa wakizidhoofisha nguzo ambazo hawakuzigusa ubavuni.

Upande wa pili wa hesabu ni mzigo. Nguzo haibebi tu mwamba ulio juu yake yenyewe. Hubeba pia nusu ya mwamba ulio juu ya kila njia inayoizunguka. Chukua mfano wa nguzo yenye mita 12 kwa 12, na njia za mita 6. Nguzo hiyo hubeba eneo la mita 18 kwa 18, yaani mita za mraba 324, ilhali yenyewe ina mita za mraba 144. Mzigo umezidi mara mbili na robo. Jirani yake ikianguka, mzigo wa jirani humhamia. Ndiyo maana nguzo moja dhaifu huweza kuwa ugonjwa wa mgodi mzima.

Salamon na Munro walipendekeza kwamba nguvu ya nguzo igawanywe kwa mzigo wake, na jawabu liwe kiasi cha 1.6. Hapa ndipo tunapoona kwamba maneno "uimara" na "uthabiti", ambayo katika maandishi yetu hubadilishana mahali kama ndugu wawili, hayana budi kutenganishwa. Uimara ni nguvu ya nguzo yenyewe. Uthabiti ni uhusiano wa nguvu hiyo na mzigo ulioletwa juu yake. Nguzo huweza kuwa imara na isiwe thabiti. Kitabu cha mafunzo kitakachotumia neno moja kwa mambo haya mawili kitakuwa kimeificha sababu ya vifo 435.

Twapaswa kuongeza kwamba uthabiti hauna maana ya kuzuia mwamba usianguke kamwe. Katika mtindo wa ukuta mrefu, ambao huchimba tabaka lote bila ya kuacha nguzo katikati, wachimbaji hukaa chini ya safu ya vyuma vinavyosukumwa kwa haidroli. Makaa yakishakatwa, vyuma husogea mbele, na mwamba ulioachwa nyuma huachiliwa uanguke. Kuanguka huko kunatakiwa. Usipoanguka, uzito hukusanyika na huweza kushuka kwa ghafula. Hapa uthabiti maana yake ni kuamua mwamba uanguke wapi na lini.

Lugha ya amri

Turudi kwa wale waliokimbilia mlangoni. Migodi ya Afrika Kusini iliwakusanya watu wa lugha nyingi, na kwa ajili yao ilitumika Fanakalo, lugha ya mchanganyiko yenye maneno mengi ya Kizulu na mengine ya Kiingereza na Kiafrikana. Jina lake lenyewe lina maana ya "hivi", "kama hivi". Ni jina la mtu anayemwonyesha mwingine jinsi ya kufanya. Lugha hiyo ilifaa kwa kutoa amri: inua, sukuma, weka mti hapa. Haikukuzwa ili mfanyakazi amweleze msimamizi kwamba sauti ya mwamba leo si ile ya jana, wala kwamba nguzo ya tatu imeanza kumeguka pembeni, kwa hiyo heri watu watolewe.

Jambo hili latuhusu. Wanaume wa Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanganyika, hasa Wanyakyusa, walikwenda Afrika Kusini kuchimba dhahabu hadi Tanganyika ilipopata uhuru na serikali ikaukomesha uajiri huo. Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga chini ya wakoloni, na huko nako kilianza kama lugha ya mwenye amri kwa mwenye kuamriwa. Lugha yoyote huweza kufanywa fupi kiasi hicho, ikiwa wenye kuitumia hawaruhusiwi kujibu.

Afrika Kusini ilichukua miaka mingi kulirekebisha jambo hilo katika sheria. Sheria ya Afya na Usalama Migodini ya mwaka 1996 ilimpa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali pa kazi anapoona kwa sababu za haki kwamba pana hatari kubwa. Lakini haki ya kuondoka huhitaji maneno. Mtu anayesema "naogopa" atajibiwa kwamba ni mwoga. Mtu anayesema "mwamba wa juu umebambuka kutoka kwenye timba la nne hadi la saba" hawezi kujibiwa hivyo. Ni lazima mtu aende akatazame.

Mapendekezo

Katika nchi yetu makaa ya mawe yamechimbwa chini kwa chini huko Kiwira, katika mgodi uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988. Zaidi ya hapo, maelfu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na vito huingia ardhini kila siku, na hatari ya mwamba haibagui madini. Wachimbaji hao wana msamiati wao. Husema "duara" kwa shimo la uchimbaji, "matimba" kwa miti ya kushikilia, "kifusi" kwa mawe na udongo ulioanguka, na "kutitia" kwa ardhi inayodidimia. Baadhi ya wanataaluma hulidharau neno "timba" kwa kuwa ni la kukopa. Sisi hatuoni sababu. Neno ambalo tayari limo vinywani mwa watu ambao uhai wao unalitegemea lisitupwe kwa ajili ya neno zuri zaidi la kamusi. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Jiwe lililo juu ya nafasi iliyochimbwa liitwe mwamba wa juu, na lililo chini mwamba wa chini. Neno "paa" lisitumike katika maandishi ya usalama wa migodi, kwa sababu linadokeza kitu kilichojengwa na kukaguliwa.

(b) Neno nguzo litumike kwa kipande cha tabaka kilichoachwa bila kuchimbwa, na timba kwa tegemeo lolote lililosimamishwa na mtu, liwe la mti au la chuma. Mambo haya mawili yasichanganywe, maana timba huweza kuongezwa kesho, lakini nguzo iliyokatwa hairudi.

(c) Neno uimara litumike kwa nguvu ya nguzo au mwamba wenyewe. Mzigo kwa uzito unaobebwa. Na uthabiti kwa uhusiano wa hayo mawili. Tarakimu inayopatikana kwa kugawanya uimara kwa mzigo iitwe kadiri ya usalama.

(d) Dalili na matokeo yatofautishwe kwa vitenzi. Mwamba ulioachana na tabaka la juu yake umebambuka. Kipande kinachotoka ubavuni au juu kimemeguka. Nguzo nyingi zinapokwenda pamoja, mgodi umeporomoka. Ardhi ya juu inaposhuka kwa sababu hiyo, imetitia.

Hitimisho

Yawezekana wataalamu wakatuletea maneno yaliyo bora kuliko haya, nasi tutayapokea. Tunachosisitiza ni kipimo cha kuyapimia. Istilahi ya usalama haipimwi kwa jinsi inavyopendeza katika orodha, wala kwa jinsi inavyolingana na ya Kiingereza. Hupimwa kwa swali moja: je, mtu aliye chini, gizani, ambaye amesikia mwamba ukivuma kama ngoma, aweza kulitamka kwa haraka, na aliye juu akaelewa bila ya kuuliza tena? Ikiwa aweza, neno hilo limesanifiwa. Ikiwa hawezi, lirudishwe mezani.